Uzito Bila Matope

Arobaini na moja.
Niliiandika kwa penseli, ili niweze kuifuta,
nikaigeuza karatasi kifudifudi juu ya meza ya mizani
nikamwita dereva anayefuata.

Hapa Bukembe miwa haijui usiku.
Matrekta yamepanga foleni hadi kalavati,
taa zinavuta nondo,
na mimi, karani wa zamu ya pili,
kati ya trela na trela nina dakika nne, tano zikizidi,
za kujifunza kuwa wakili.

Kitabu nilikinunua kwa Mukhwana, pale stendi ya Bungoma,
kimekwishapigwa mistari na mtu aliyenitangulia.
(Alifaulu? Alichoka? Wino wake unakoma ukurasa wa tisini.)
Watu sita wameketi benchi moja.
Petro hakai karibu na Rehema.
Rehema yuko kushoto kwa hakimu.
Nani ameketi mwisho?
Mimi benchi la namna hiyo sijawahi kuliona,
basi nikawageuza matrekta:
la Barasa halifuati la Wekhomo, waligombania dizeli;
jekundu hutangulia bovu, mvua ikinyesha.
Ghafla wote sita wakajipanga wenyewe.

Arobaini na sita. Hamsini na mbili.
Kisha arobaini na tisa, wiki ile mtoto alipoota meno,
nikataka kumrudishia Mukhwana kitabu chake
anipe japo nusu ya pesa.

Badala yake nilifungua daftari.
Si la majibu. La makosa.
Kila kosa na sababu yake, bila kujipaka mafuta:
hapa nilisinzia,
hapa nilijifanya najua,
hapa waliuliza “isipokuwa” nikapita kama sikuliona.
Neno moja hilo, isipokuwa,
limenila alama kumi na moja!

Dereva mwenye pupa hutaka karatasi kabla trela halijatulia.
Namba kwenye mashine zinapanda, zinashuka,
kama kifua cha aliyekimbia.
Namwambia: ngoja, bado inapumua.
Miaka minne nimewaambia wengine ngoja.

Kwa nini nataka sheria, huwa sisemi.
Kuna mama wa Khalaba, Serafina Nasipwondi,
alileta tani saba.
Msimamizi akasimama nyuma yangu,
akaweka kidole kwenye fomu. Tano, akasema.
Mama akauliza, kwa sauti ya chini kabisa,
“Imeandikwa wapi?”
Nikaandika tano.
Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu husema.

Jana usiku, sitini na moja.
Sitini ndiyo mlango.
Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena,
nikatafuta mtu wa kumwambia,
kulikuwa na nondo tu na kikombe cha chai iliyopoa.

Halafu nikakumbuka miwa ya msimu wa mvua,
inavyokuja na nusu ya shamba,
udongo mwekundu umeganda hadi shingoni,
nasi tunakata matope kwanza ndipo tulipe.
Nikarudi swali kwa swali.
La nane, nilibahatisha.
La kumi na tisa vilevile.
La thelathini na tatu nilichagua C
kwa kuwa C ilikuwa haijapata zamu siku nyingi.
La sabini, sijui, mkono ulijiendea.
Nikakata nne.

Hamsini na saba.
Hiyo nikaiandika kwa wino.

Nje honi inalia, Barasa na haraka zake.
Nikafungua dirisha.
Ngoja, nikamwambia.
Bado inapumua.